Imebaki Vifungo Tu

Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho kilichokuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani ili ipate mwanga. Pembeni palikuwa na meza ya kukatia, na chini ya meza kulikuwa na mlima wa mifuko. Kila mfuko ulikuwa na kitambaa cha mtu, na kila mtu alikuwa ameahidiwa kesho.

Ndiyo maana fundi mwenyewe aliitwa Mama Kesho. Wageni mtaani walidhani ana mtoto anayeitwa Kesho. Wapi! Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti wa miaka kumi na moja, mwembamba hasa. Mtaa mzima ulimwita Sindano.

"Fundi, nguo yangu vipi?" mteja aliuliza mlangoni.

"Tayari, mpenzi. Imebaki vifungo tu."

"Mbona juzi ulisema vifungo?"

"Si ndivyo hivyo vifungo vyenyewe! Nataka vikae sawasawa, usije ukanitukana mbele za watu. Pitia kesho."

Mteja akaenda zake. Kitambaa chake kilikuwa chini kabisa ya mlima, hakijaonja mkasi.

Msimwone huyu fundi kuwa mtu mbaya. Mkono wake ulikuwa mzuri, na nguo yake ikishavaliwa haikuchanika ovyo. Shida yake ni moja. Hakuweza kumwambia mtu ukweli usiopendeza. Mteja akinuna mbele yake, Mama Kesho alijisikia vibaya hadi tumboni. Basi alimpa neno tamu, mteja akaenda kununa nyumbani kwake.

Ushonaji alifundishwa na mama yake mzazi, yaani bibi yake Sindano. Bibi alishona kwenye cherehani hiyohiyo miaka mingi. Alimfundisha kupima kiuno, kukunja pindo na kuunga kola. Na yale maneno ya vifungo je? Hayo nayo alijifunza kwa bibi.

Sindano naye alikuwa na kazi yake. Mama Kesho akimwona mteja mkali anakuja, alijificha nyuma ya pazia na kunong'ona, "Nenda mlangoni. Mwambie sipo."

Siku ya kwanza Sindano alisema hivyo, kisha akaingia chini ya meza na kulia. Masikio yalimwaka moto. Mama Kesho na bibi walicheka mpaka bibi akashika mbavu.

"Unalia nini, mjukuu wangu?" bibi alisema. "Huo ni uongo wa kazi. Si uongo huo!"

Mara ya pili Sindano hakulia. Baadaye akaanza kutia chumvi mwenyewe. "Mama ametoka sasa hivi kununua uzi. Ajabu hamkukutana njiani!" Mteja alirudi njia nzima akimtafuta. Nyuma ya pazia, bibi alitikisa kichwa kwa fahari na kusema, "Huyu kweli ni damu yetu."

Haya. Bibi alikuwa na ugonjwa wa presha. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Walisema ameze hata siku anayojisikia mzima, maana presha hupanda bila mtu kujijua. Kazi ya kumpa bibi dawa alipewa Sindano. Asubuhi Mama Kesho alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Hakuinua mguu kwenye pedali. Alipaza sauti tu.

"Sindano! Umempa bibi dawa?"

"Nimempa, mama!"

"Amemeza?"

"Amemeza!"

"Haya, kimbia shule."

Hata siku moja hakusimama kwenda kuangalia.

Asubuhi moja, siku isiyo ya shule, bibi alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikamponyoka. Mama Kesho alisikia kinavunjika, akaingia mbio. Mdomo wa bibi ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulining'inia. Alijaribu kusema, lakini maneno yalitoka kama ya mtu mwenye kitambaa mdomoni.

"Mama! Mama, una nini?"

Mama Kesho hakujua la kufanya. Alimlaza mama yake na kumkanda kwa maji ya moto. Alimpepea. Alisubiri aone kama itapita. Jua lilikuwa limeshapanda sana walipofika hospitali.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Alikuwa anameza dawa zake za presha?"

"Kila siku, daktari! Mwanangu huyu ndiye anayempa. Siku haipiti bila dawa. Naapa kabisa."

Sindano alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alitazama sakafu.

Bibi alirudi nyumbani akiwa hai, lakini nusu yake ilikuwa imekufa. Mkono wa kulia haukuinuka. Ulimi haukutoa neno. Yule mwanamke aliyevisha nusu ya mtaa sasa alilishwa uji kwa kijiko, na mwingine ulimtiririka kidevuni. Mama Kesho alimfuta huku akilia.

Siku zikapita. Mchana mmoja Mama Kesho alimaliza shati la mtu. Na siku hiyo, maajabu, shati lilikuwa limebaki vifungo kweli! Alichukua kopo la vifungo vyeupe, kopo ambalo halikuwa na kazi sana katika nyumba ile. Alilimimina mezani.

Vifungo vilitoka. Lakini vingine vilikuwa havina matundu.

"Vifungo gani hivi?" alijiuliza. Alichukua kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe ukamwagika. Vilikuwa vidonge vya mama yake.

Sindano alikuwa anafanya kazi za shule kwenye kona. Aliona kopo. Akasimama.

"Hivi ni nini?" Mama Kesho aliuliza kwa sauti ndogo.

Sindano alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nakuuliza, hivi ni nini?"

Alichukua rula ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Akampiga. Alimpiga mkononi, mgongoni, popote. Meza ikasukumwa, kopo likaanguka, vifungo vikasambaa chumba kizima.

"Muuaji wewe! Umemmaliza bibi yako! Kila siku nimempa, nimempa! Nani kakufundisha uongo? Eh? Nani?"

Sindano alikuwa ameingia chini ya meza, katikati ya mifuko. Akapiga kelele, "Wewe! Wewe mama! Kila siku unasema nguo tayari, na hujazikata!"

Rula ilibaki juu.

Hapohapo mtu akabisha hodi. Alikuwa nesi wa zahanati ya mtaa, mwanamke mwenye miguu iliyochoka na mdomo usiobembeleza mtu. Alifuata gauni lake la kazi. Alikuwa amelifuata mara nyingi mno.

Mama Kesho alijifuta jasho. Rula bado ilikuwa mkononi. Na mdomo wake, bila hata kumwuliza mwenyewe, ukasema, "Karibu, nesi! Gauni lako tayari. Imebaki vifungo tu."

Nesi alitazama sakafu.

"Vifungo naviona," alisema. "Gauni ndilo silioni."

Mama Kesho akakaa chini kwenye vifungo vile akalia kwa sauti. Nesi aliweka mkoba wake mezani. Alimtoa Sindano chini ya meza, akamtazama mikono na mgongo, akamwambia aende kunawa uso. Kisha akaokota kidonge kimoja, akaelewa.

"Nesi, mwanangu amemuua mama yangu," Mama Kesho alisema.

"Mama yako yuko chumbani, anapumua. Na kiharusi humpata hata anayemeza dawa. Ila kuacha dawa huongeza hatari sana, hilo ni kweli. Sasa niambie. Ulimuuliza mtoto kila asubuhi. Ulikwenda kuangalia lini?"

Mama Kesho alianza kuokota vifungo sakafuni, kimoja kimoja.

"Mtoto anaweza kuleta maji," nesi alisema. "Anaweza kukukumbusha. Lakini dawa ya mgonjwa husimamiwa na mtu mzima. Hukupaswa kuiacha mikononi mwake. Na kingine. Mtu akienda mdomo upande, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, usimkande wala usisubiri. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo."

"Sikujua, nesi."

"Sasa umejua."

"Lakini Sindano alijua! Alijua anadanganya, tena kwa macho makavu!"

"Alijua, na amekosa. Simtetei. Lakini hakuamka siku moja akawa mwongo." Nesi alionyesha cherehani. "Je, ulimkalisha ukamfundisha kutunga uzi kwenye sindano?"

"Hapana. Aliniangalia tu akajua."

"Basi na uongo alikuangalia tu akajua. Mtoto anaiga kila kitu. Hachagui kizuri akaacha kibaya. Na jambo likirudiwa kila siku linakuwa mazoea, halingoji tena mtu afikiri. Si umejisikia mwenyewe mlangoni? Umenijibu vifungo huku umeshika rula!"

Mama Kesho aliinamisha uso kwa aibu.

"Siku ya kwanza ulipomtuma aseme hupo," nesi aliendelea, "alifanyaje?"

"Alilia."

"Na wewe?"

"Tulicheka. Mimi na mama."

Nesi alivuta pumzi ndefu. "Kilio kile kilikuwa hatia. Hatia ndogo ni kitu kizuri. Inauma kidogo ili mtu asirudie, kama kidole kilichochomwa kinavyorudi nyuma. Nyinyi mlimcheka. Akaona kuumia ni ujinga. Akazoea, na mwisho haikumuuma tena. Na leo umemletea hatia kubwa kuliko mwili wake. Umemwita muuaji. Unadhani kesho atasema ukweli? Atajificha zaidi. Atadanganya kwa ustadi kukushinda wewe."

"Kwa hiyo nimwache tu?"

"Usimwache. Mwambie kosa lake lilivyo: bibi hakupata dawa, nawe ukasema amepata. Usimpe jina baya, taja kosa. Kisha mpe kazi ya kurekebisha anayoiweza. Vidole vya bibi vinahitaji kukunjwa na kukunjuliwa kila siku. Nitamwonyesha. Na akikuletea ukweli mchungu, usimpige kwa ajili ya huo ukweli. Ukimpiga, utakuwa umemfundisha kunyamaza. Lakini anza wewe kwanza."

"Mimi nianze na nini?"

"Kuapa hakuondoi mazoea. Pale ulipozoea kufanya hili, fanya lingine. Na wewe pahali pako ni hapo mlangoni. Anza na mimi. Gauni langu liko wapi?"

Mama Kesho alimeza mate. Aliangalia pembeni, akasema, "Sijalikata."

"Litakuwa tayari lini?"

"Sijui. Wiki hii siwezi."

"Basi nipe kitambaa changu."

Mama Kesho alishtuka. "Nesi! Si nimesema ukweli?"

"Umesema, na nimefurahi. Lakini nguo ya kazi naihitaji." Nesi alikunja kitambaa chake, akakiweka kwenye mkoba, akaenda ndani kumwona bibi.

Hivyo ndivyo Mama Kesho alivyoanza. Msidhani ilikuwa raha. Mteja alipofika, alisema, "Sijaigusa. Nina kazi nyingi mbele yako." Wengine walichukua vitambaa vyao wakaondoka wakimtukana. Mmoja alicheka sana. "Leo umekuja na mbinu mpya!" alisema, akaenda kuwasimulia wenzake. Mlima wa mifuko ukapungua, na chakula mezani kikapungua pia. Alijifunza kukataa kitambaa asichoweza kukishona kwa wakati. Kukataa kulimuuma kila mara.

Ulimi nao ulikuwa mkaidi. Siku nyingine ulimponyoka.

"Imebaki vi—" alisema, akajikamata. "Hapana. Samahani. Sijaanza."

Kwenye kona, Sindano aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamtazama mama yake. Kisha akaendelea kuandika.

Kusema na wateja ilikuwa afadhali. Kusema na mtoto ndiko kulikomtoa jasho. Alizungukazunguka, akafagia pasipo na taka, mwisho akakaa karibu naye.

"Nilikuwa nakutuma useme sipo," alisema. "Nilikosea. Sitakutuma tena."

"Ndiyo, mama."

Dawa sasa alimpa bibi mwenyewe, kwa mkono wake, na kungoja mpaka imezwe. Sindano akitoka shule aliketi kitandani kwa bibi, akakunja vidole vile na kuvikunjua kama alivyoonyeshwa. Alifanya kazi hiyo bila kukosa. Lakini hakucheka, hakuchezea tena vipande vya vitambaa, na mama yake akiinua mkono ghafla, hata kushusha kitu kwenye rafu, alijikunyata.

Kisha bibi akaanza kukataa dawa.

Mama Kesho alipeleka kidonge mdomoni, bibi akakaza meno. Akageuza uso ukutani. Kidonge kilianguka kwenye shuka.

"Mama, meza!" Mama Kesho alisema kwa hasira. "Unataka kufa? Unataka niseme nini kwa watu?"

Sindano alikuwa mlangoni amevaa nguo za shule. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Mama, nina jambo la kusema. Utanipiga?"

Mama Kesho alihisi moto ukimpanda. Akaweka mikono yake mapajani. "Sikupigi. Sema."

"Hata zamani bibi alikuwa hataki dawa. Alisema inampeleka chooni kila wakati, na choo kiko mbali, uani, na magoti yanamuuma. Nikamwambia nitakuambia wewe. Akasema utampigia kelele. Akasema, 'Mwambie mama yako nimemeza, tusigombane.' Ndipo nikawa naficha kwenye kopo."

Mama Kesho aliokota kidonge kwenye shuka.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ungesema namsingizia bibi kwa sababu hawezi kuongea."

Ni kweli. Angesema hivyohivyo, neno kwa neno, na rula angeiongeza.

Alimgeukia mama yake. "Mama, ni kweli?"

Bibi alifumba macho, akapumua kama mtu aliyelala. Mama Kesho alimjua mama yake. Alijua huo si usingizi. Alingoja. Hakupiga kelele, hakumtikisa. Alingoja mpaka chozi likapenya kwenye kope za bibi, na kichwa kikashuka polepole. Ndiyo. Mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulipapasa shuka kumtafuta mjukuu. Sindano hakusogea.

Mama Kesho alishikwa na hasira, na hakujua pa kuiweka. Mama yake alikuwa amelala pale, mdomo upande. Angemfanya nini? Na yeye mwenyewe je, aliyekuwa mkali hata mgonjwa akaogopa kumwambia shida yake?

"Mama," alisema mwisho, "leo nitakwenda kwa nesi. Nitamwambia dawa inakusumbua, atuambie la kufanya. Na chombo cha haja nitakiweka humuhumu chumbani. Hakuna wa kukupigia kelele. Lakini ukiona huwezi kumeza, kataa mbele yangu. Usimpe mtoto abebe siri hiyo."

Alifuta kile kidonge, akasita, akachukua kingine safi. Bibi akafungua mdomo. Akameza.

Mama Kesho alimfuata Sindano kwenye karakana. Aliinama mpaka macho yao yakalingana.

"Nilikupiga kwa kosa la watu watatu," alisema. "Na nikakuita muuaji. Wewe si muuaji. Uliacha kuniambia, hilo ni kosa lako. Lililobaki ni letu, mimi na bibi. Nisamehe, mwanangu."

"Sawa, mama."

Neno lilitoka upesi mno. Lilikuwa laini na tamu, na Mama Kesho aliijua sauti ile, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Usiseme sawa ili kuniridhisha," alisema. "Niambie la moyoni."

Sindano aliangalia meza ya kukatia. Rula ilikuwa juu yake.

"Si sawa," alisema. "Nikiiona ile rula tumbo linaniuma. Usiku naota unaniita muuaji. Nina hasira na wewe, mama. Na bibi pia. Sijui itaisha lini."

"Haya," Mama Kesho alisema. "Nimesikia. Asante kwa kuniambia."

Sindano alichukua mkoba wake akaenda shule, bila kuaga. Mama Kesho alikaa kwenye cherehani, lakini mguu ulikataa kukanyaga pedali. Mtoto wake alikuwa amemwambia ukweli mtupu, macho kwa macho, bila woga. Na yeye angetoa kila alichokuwa nacho asikie tena ule uongo mtamu wa "Sawa, mama."

Lakini hakuuomba.